Sura ya Sita: Kamba Iliyonuka Mafuta ya Taa

Sajenti Apolonia alisoma maelezo ya shahidi mara mbili, kisha akayatupa mezani. Si adabu kutupa karatasi mbele ya mkuu wa kituo, lakini siku hiyo adabu aliiacha nyumbani pamoja na mwavuli.

"Kwa hiyo Tandabui ni Msukuma," alisema. "Ndivyo tunavyoandika?"

Inspekta Fulgensi, mkuu wa kituo kidogo cha Luhembelo, hakuinua macho. Alikuwa akichovya mhogo kwenye chai. Alijibu kwamba ndivyo inavyoandikwa, maana ndivyo shahidi alivyoona, na gari la kumpeleka mtuhumiwa Morogoro linakuja kesho saa mbili asubuhi, barabara ya Mkula ikiwa haijakatika tena. Kesi ya mauaji haina dhamana. Huko mbele Sayi, huyo Msukuma, atajuana na jaji, na jaji atajuana na kitanzi.

Hebu fikiria upuuzi huo. Tangu mvua za Elnino zianze kulipiga bonde la Kilombero, watu saba walikuwa wamekutwa wakining'inia mitini ndani ya nyavu, kila mmoja na dhambi yake imefungwa shingoni. Mwizi wa mabati ya shule alikutwa na kipande cha bati. Yule bwana wa Mchombe aliyemvunja mkewe mkono alikutwa na mchi. Wote walishushwa wazima, wakitetemeka, na wote saba walisimulia hadithi moja: jitu refu kama mnara wa kanisa, joho linapepea mgongoni, uso hauna macho wala pua, linaruka mto kwa hatua moja na kumbeba mtu mzima kwa mkono wa kushoto. Watu wakalipa jina la Tandabui. Akina mama walilishukuru kwenye jumuiya, wahalifu wakaanza kulala mapema.

Halafu Jumatatu alfajiri akakutwa wa nane, Marselino, aliyekuwa akimwaga dawa ya kuulia wadudu kwenye mabwawa ya mto ili samaki waelee juu, awaokote na kuwapeleka sokoni. Shingoni alikuwa na chupa ya dawa. Ila huyu hakuwa mzima. Wavu wake ulikuwa umezama kwenye mafuriko mpaka juu ya kichwa.

Nani angemlilia Marselino? Hakuna. Lakini maiti ni maiti, na wilaya ilitaka jina kabla ya Ijumaa. Basi Polikarpo, kamanda wa mgambo, akaleta jina. Alisema alikuwa doria kwenye tuta la barabara, akamwona Sayi anatimka kutoka ule mti. Yeye mwenyewe hakuusogelea, anajua utaratibu, alibaki pale pale juu ya tuta akipuliza filimbi mpaka konstebo wakaja na mtumbwi na kuikata kamba kwa panga. Na Sayi alikuwa na sababu. Ng'ombe wake kumi na mmoja walikunywa maji ya Marselino wakafa kwa siku moja, na kilabuni alisema mbele za watu kwamba aliyemwaga sumu ataionja.

Polikarpo alikuwepo humo humo ofisini, ameketi kwenye benchi la dirishani, amevaa sweta la kijani lenye mikono mirefu mpaka viganjani. Aprili ya Ifakara, jua la saa tatu, mvuke unatoka ardhini, na mtu kavaa sweta. Alisema ana homa. Alikuwa akijikuna mkono wa kulia taratibu, kama mtu asiyetaka kuonekana anajikuna.

"Pole na homa," Apolonia alimwambia, akatoka.

Kibarazani alikuwa ameketi Nyamizi, mke wa Sayi, siku ya tatu hiyo, na bakuli la ugali na maziwa mgando limefunikwa kwa kitambaa. Hakuomba kitu. Alimwamkia tu, "Shikamoo afande," akauliza kama ni kweli gari linakuja kesho. Apolonia alijibu kuwa ni kweli. Mwanamke akaliweka bakuli chini, akalitazama, akaliinua tena mapajani. Ndipo Sajenti alipokasirika hasa, akaomba funguo za mahabusu na za stoo ya vielelezo kwa pamoja.

Sayi alikuwa kifua wazi kwa joto. Kijana mrefu, kifua chake laini, mikono haina hata mkwaruzo. Alirudia maneno yale yale ya Jumatatu: alikuwa zizini anakamua, shahidi wake ni mkewe na ng'ombe waliobaki. Kilabuni alisema, ndiyo, kwa sababu alikuwa na uchungu. Angekuwa na wavu wa kumbebea mtu, angewabebea ng'ombe wake awatoe kwenye yale maji.

"Unajua kufuma wavu?"

"Afande, mimi nimezaliwa Maswa. Samaki nimewajua huku huku Kilombero, tena wakiwa kwenye sahani."

Stoo ilinuka panya na bangi ya kesi za zamani. Apolonia aliubeba wavu na kamba mpaka dirishani. Wavu haukuwa wa dukani. Ulikuwa umefumwa kwa mkono, kwa nyuzi za tairi, zile ambazo mtu anachana tairi kuukuu la lori na kuzichomoa moja moja mpaka vidole vinatoka damu. Kamba ilikuwa ya katani, na alipoisogeza puani alishangaa. Baada ya mafuriko yote yale, bado ilikuwa inanuka mafuta ya taa, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nani anaipaka kamba mafuta ya taa?

Tena kamba ikibanwa na uzito wa mtu huacha mkunjo. Hii ilikuwa na mikunjo miwili. Wa kwanza ulikuwa hatua tatu kutoka mwisho wa kamba. Wa pili ulikuwa mwishoni kabisa, ndani ya fundo lililokatwa na panga la konstebo. Yaani Marselino alifungwa juu, halafu mtu akaifungua ile kamba, akaiachia hatua tatu nzima, akaifunga upya. Siku tatu kielelezo kimelala humu na hakuna aliyejisumbua kukitazama. Mkuu alikuwa na mhogo wake.

Akakata kipande cha wavu, akaandika kwenye daftari kwamba amekikata, akachukua baiskeli ya kituo na kwenda mjini.

Donati, yule mwizi wa mabati, siku hizi alikuwa kibarua kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Apolonia alimkuta mweupe kwa vumbi la pumba, akamvuta nyuma ya mashine ambako angalau masikio yalifanya kazi. Donati alianza kusimulia kabla hata hajaulizwa: jitu, mnara, joho, mkono wa kushoto. Ameisimulia mara nyingi mpaka imelainika mdomoni. Sajenti alimwacha amalize.

"Donati. Jitu lenye nguvu ya kumbeba mtu kwa mkono mmoja linahitaji wavu wa nini?"

Donati alitaka kurudi kwenye mashine.

"Kesho kuna mtu anapelekwa Morogoro akanyongwe kwa ajili ya hadithi yako. Ana mke. Mke wake amekaa kibarazani kwangu na bakuli. Sasa nieleze ulichokiona, si ulichokisimulia."

Alijipangusa pumba usoni, akatazama kulia na kushoto, kisha akasema yote kwa sauti ndogo. Hakuona jitu. Alikuwa anapita kichakani jioni na mabati kichwani, akakanyaga majani, akasikia gogo kubwa linaanguka upande wa pili wa mti, na papo hapo ardhi ikamnyanyua. Ni mtego tu, kama wa kanga, ila mkubwa. Alipotulia aliona mtu mdogo huko chini, amejifunika kiroba cha mbolea kichwani na mabegani kama watu wote wanavyojifunika mvua ikinyesha, na kipande cha chandarua usoni kwa sababu ya mbu. Huyo mtu alifunga kamba shinani, akalikata gogo na kulibingirisha mtoni. Alimpa maji kwa bua refu la bingobingo, zile nyasi ndefu za mtoni. Halafu akakaa chini na kusali rozari mpaka kukapambazuka.

"Alisema neno?"

"Nilipiga kelele kwamba siafu watanila, maana mafuriko yamewatoa ardhini wamejaa mitini. Akasema tulia, kamba ina mafuta ya taa, hawatakufuata."

"Sauti ya mwanamume au ya mwanamke?"

Donati alitazama miguu yake. "Afande, nina watoto. Watu watanicheka kutoka hapa mpaka Mlimba."

Kumbe. Wanaume saba wazima, na wote saba waliona bora wilaya nzima iogope jitu kuliko jirani mmoja ajue kwamba walinaswa na mwanamke aliyevaa kiroba. Wala hawakukaa kikao wakapanga uongo huo. Aibu iliwapangia. Na sasa aibu hiyo ilikuwa inamvisha Sayi kitanzi. Apolonia alimwambia Donati asiondoke mjini, na akamwambia pia anavyomfikiria, kwa maneno ambayo hayaandikwi kwenye daftari la polisi.

Sokoni alimwonyesha Restituta, muuza samaki wa siku nyingi, kile kipande cha wavu. Restituta alikipitisha kati ya vidole kama anachagua kitenge, akacheka. Nyuzi za tairi siku hizi nani anahangaika nazo, wote wananunua za dukani. Mkono huu ni mmoja tu uliobaki, wa mjane wa Amedeus, yule fundi wa pantoni aliyekufa miaka mitano iliyopita. Mama mwenyewe ni mzaliwa wa Mofu, sasa anakaa dunguni ng'ambo ya Luhembelo.

"Anaitwa Balbina," alisema Restituta. "Bibi wa watu. Tangu afiwe na mjukuu hata sokoni haji."

Apolonia alilijua hilo jina. Alilijua kwa sababu aliwahi kuliandika. Januari, mvua inapiga bati, foleni ya watu kaunta, na mwanamke wa makamo mbele yake akieleza habari za samaki. Alikuja mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili aliambiwa arudi. Mara ya tatu Sajenti mwenyewe alifungua kitabu cha taarifa na kuandika mistari miwili: mlalamikaji anadai samaki wa mtoni wana sumu, hakuna ushahidi, ashauriwe aende zahanati. Halafu akaita anayefuata. Hasira aliyokuwa ameibeba tangu asubuhi kumwelekezea mkuu, na Polikarpo, na Donati, ikageuka njiani ikamrudia mwenyewe. Aliendesha baiskeli kurudi Luhembelo bila kupumzika hata kwenye kilima.

Mvuvi mmoja alimvusha kwa mtumbwi hadi kwenye mti wa Marselino. Maji yalikuwa yameshuka, sasa yalifika magotini tu, lakini tope lililokauka kwenye shina lilionyesha wazi kimo cha Jumatatu. Apolonia alipima kwa macho. Tawi pale juu, mchubuko wa kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba, juu ya tawi, alama ya tope hapa. Kwa mkunjo wa kwanza wa kamba, Marselino angening'inia juu ya maji, miguu mikavu, akitukana hadi asubuhi. Ukiachia hatua tatu anazama kabisa. Hapakuwa na namna kamba iteleze yenyewe.

Aliushika mti ili azunguke upande wa pili, na papo hapo akaruka. Siafu. Shina lote lilikuwa limejaa siafu waliokimbia maji, wanatembea kwa misafara kwenye kila ufa wa gome, na sekunde mbili zilitosha wakampanda mpaka kwenye kiwiko. Mvuvi alimsaidia kuwabandua mmoja mmoja. Wengine walikatika, vichwa vikabaki vimeng'ata ngozi.

"Hapa hapashikwi, afande," yule mvuvi alisema. "Sisi tukilala kambini tunapaka kamba za vitanda mafuta ya taa, na mikono pia. Mtu wa bara hajui hayo."

Apolonia alitazama mkono wake uliovimba vipele vyekundu. Kumshusha mtu mzima kwa kamba, bila gogo la upande wa pili, unafanyaje? Unaukumbatia mti. Unaubana kwa mikono yote miwili na kifua, unaiachia kamba kidogo kidogo. Dakika nzima, labda mbili. Akakikumbuka kifua laini cha Sayi. Akalikumbuka sweta.

Dungu la Balbina lilisimama juu ya nguzo sita, katikati ya mpunga uliolala kwa mafuriko. Mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni, anafuma. Mwanamke mfupi, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, rozari shingoni. Kando yake palikuwa na kiroba cha mbolea kimekunjwa vizuri, na juu ya kiroba kapi la chuma la pantoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunishauri niende zahanati?"

Sajenti alipanda ngazi, akaketi chini kwenye mbao bila kukaribishwa. Hakujitetea. Alisema anajua kuhusu gogo, kapi na mafuta ya taa, na kwamba amekuja kuhusu Marselino. Balbina hakukana hata kidogo. Alieleza huku sindano ya mbao inaingia na kutoka kwenye wavu. Ndiyo, alimnasa. Alimfuata wiki mbili akijua njia yake. Hakumnasa ili afe. Alitaka watu wamkute na chupa shingoni ili polisi washindwe kusema hakuna ushahidi. Alimfunga juu kabisa kwa sababu alijua mto utapanda, kisha akarudi kwenye mtumbwi wake nyuma ya matete, asali mpaka kuche, kama kawaida yake.

"Alfajiri akaja mtu akitembea kwenye maji," alisema. "Marselino akamwita. Polikarpo, nishushe. Akamwita mara nyingi. Akasema usiponishusha nitawaambia dawa umenipa wewe, umeitoa stoo ya kijiji. Yule mtu akaukumbatia mti, akawa anatukana siafu. Nikaona wavu unashuka. Mwanangu, mimi nilidhani anamshusha amfungue. Niliendelea kusali. Nilifika kwenye Salamu Maria ya nne, Marselino akanyamaza."

Sindano ilisimama.

Apolonia aliuliza kwa nini siku tatu zimepita bila yeye kuja kusema. Balbina alimgeukia, na sasa hasira ilitoka yote, bila sauti kupanda. Aje wapi? Kule alikokwenda mara tatu kwa miguu, mtoto kafa kwa kula perege wa sumu, akaandikiwa mistari miwili? Huku hakuna mtu aliyemwambia kitu, mafuriko yamewazunguka, alichosikia ni watu wanaimba kwamba Tandabui kamzamisha mwovu. Alidhani imeishia hapo.

"Haijaishia," Apolonia alisema. "Amekamatwa Msukuma, Sayi, mwenye wale ng'ombe waliokufa. Kesho asubuhi anapelekwa Morogoro. Polikarpo ndiye shahidi."

Balbina aliuweka wavu chini. Hakuuliza swali la pili. Alikichukua kile kiroba, akajifunika kichwani kwa sababu mawingu yalikuwa yanakuja, akashuka ngazi kabla ya Sajenti.

Saa kumi jioni Inspekta Fulgensi alikuwa anafunga kabati. Polikarpo alikuwa ameitwa kuweka sahihi kwenye maelezo yake kwa ajili ya gari la kesho, na bado alikuwa kwenye sweta, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Apolonia alimwacha Balbina kibarazani karibu na Nyamizi, akaingia.

"Polikarpo, kabla hujasaini. Siku ile uliusogelea mti?"

Hakuusogelea. Imeandikwa. Alibaki kwenye tuta.

"Vua sweta."

Alisema ana homa. Inspekta aliguna, akauliza sweta linahusu nini. Apolonia alikunja mkono wa sare yake mwenyewe, akamwekea mkuu kiwiko mezani karibu na chai, chenye vipele vyekundu na vichwa vya siafu bado ndani ya ngozi. Akaeleza kuwa hiyo ni sekunde mbili kwenye shina lile. Akaeleza mikunjo ya kamba, alama ya tope, kifua cha Sayi. Fulgensi alikuwa mvivu, lakini hakuwa mjinga, na njia ya mwongo ni fupi. Aliacha kutafuna.

"Vua, kamanda," alisema.

Sweta lilivuliwa polepole. Mikono yote miwili, kuanzia vifundo mpaka makwapani, na kifua chote, ilikuwa imejaa vidonda, kama mtu aliyepitishwa kwenye upupu. Polikarpo alisema haraka kwamba siafu walimwingilia nyumbani, usiku, kitandani.

"Walikuingilia kwa mbele tu?" Apolonia aliuliza. "Mgongo wakauheshimu?"

Mlango ulifunguliwa na Balbina akaingia bila kubisha, kiroba kinachuruzika maji. Alimtazama Polikarpo kama mtu anavyomtazama mbwa aliyeingia jikoni.

"Alikuita kwa jina lako," alisema. "Ulimsikia na mimi nilisikia."

"Wewe hukuwepo," Polikarpo alisema. "Pale palikuwa na mimi peke..."

Akaanza kulivaa sweta tena. Nje mvua ilizidi kupiga bati. Inspekta Fulgensi alichukua karatasi ya maelezo iliyokuwa inasubiri sahihi, akaichana katikati, akamwita konstebo alete pingu, na kwa mara ya kwanza wiki ile akasimama mwenyewe kufuata funguo za mahabusu.

Sayi alitoka akiwa ameshika shati mkononi. Nyamizi hakupiga kigelegele. Alilifunua bakuli, akagundua maziwa yamechacha, akalifunika tena na kuanza kulia. Waliondoka kwenye mvua wakitembea haraka, kama wanaogopa kuitwa.

Mkuu alirudi mezani akipangusa mikono. Ikabaki taarifa ya wilaya. Alimtazama yule mama mfupi mwenye kiroba, akauliza huyu ni nani hasa, alikuwa anafanya nini mtoni alfajiri. Apolonia alikuwa ameshalifikiria jibu tangu kwenye mtumbwi. Alisema ni mvuvi, alikuwa akitega samaki, akasikia. Tandabui mwenyewe hajatambuliwa. Fulgensi alikubali mara moja, hata akacheka, maana kila mtu anajua Tandabui ni jitu. Akavaa kofia, akaenda kumhoji Polikarpo.

Sajenti alimgeukia Balbina. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba aende nyumbani. Kutega watu ni kosa la jinai, mara nane, na mtu wa nane kafa humo humo. Lakini hakuna atakayeamini, wale wanaume saba hawatasema kamwe, na yeye hataandika.

Balbina hakusogea.

"Unanifanyia huruma," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Januari ulinifuta kwa mistari miwili. Leo unataka kunifuta kwa huruma. Usiponiandika mimi, hutaandika kwa nini nilifuma wavu. Usipoandika kwa nini, yule mtoto hakufa." Aliliweka kapi la pantoni juu ya kaunta, na sindano ya mbao kando yake, kisha akavuta benchi akaketi. "Ulifungua hiki kitabu na hata jina lake hukuniuliza. Uliza."

Apolonia alifungua kitabu cha taarifa, akaandika tarehe, akafuta kalamu iliyokuwa inavuja.

"Aliitwa nani?" aliuliza.

"Levina. Alikuwa na miaka sita."

Sajenti akaandika jina la mtoto kwanza. Chini yake akaandika Balbina, mjane wa Amedeus, mfuma nyavu, na safari hii hakuita anayefuata.